Uwanja wa Barafu na Somo la Kujitolea

Katika Ottawa, mji mkuu wa Kanada, viwanja vingi vya barafu vya mitaani hutunzwa na wakazi wenyewe waliojitolea. Baridi ikishuka kupita nyuzi 5 chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, watu hao hutoka usiku, baada ya kazi zao za mchana, wakashindilia theluji na kuimwagia maji kwa mpira. Maji humwagwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Mwenye pupa huambulia barafu ya mashimo. Haba na haba hujaza kibaba.

Serikali ya mji hutoa ruzuku, wananchi hutoa mikono. Hapo pana somo kwetu sisi wa visiwani, ingawa theluji hatuijui. Kujitolea kwa raia si kisingizio cha serikali kujivua jukumu, wala ruzuku si sababu ya raia kukunja mikono.

Hata hivyo, jitihada zina mpaka wake. Majira ya baridi ya 2022-23 yalikuwa na joto mno, hata njia ya barafu ya Mfereji wa Rideau, yenye urefu wa kilomita 7.8, haikufunguliwa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu majira ya 1970-71. Watu walikuwapo, sepetu zilikuwapo. Iliyokosekana ni baridi. Nasi tunaopanda mikoko kwa mikono yetu ili kuizuia bahari twaujua uchungu huo. Waheshimiwa wenye dhamana ya mipango na walizingatie: wananchi wako tayari, wasiachwe peke yao.