Mikoko ya Likoni haihesabiwi siku ya kupandwa

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, Shika Adabu ni miongoni mwa maeneo ya mwisho ya Mombasa kabla hujaingia Kwale. Msafiri wa Diani hupapita mbio, macho yakiishia kwenye vibanda na bodaboda za kando ya njia. Upande wa magharibi, nyuma ya makazi, ardhi inateremka kuelekea Dongo Kundu na kuishia kwenye matope ya mikoko ya mkono wa bahari wa Port Reitz. Huko bandari, barabara mpya, eneo maalumu la kiuchumi na mazalia ya samaki vyote vinakutana kwenye maji yaleyale.

Mikoko imepata marafiki wengi miaka hii. Serikali iliweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa siku ya mapumziko ili wananchi washike majembe. Pwani nayo ilipata fungu lake. Wanafunzi, wafanyakazi wa kampuni na viongozi huvua viatu, wakaingia topeni na miche mikononi. Moyo huo ni mzuri, na asitokee wa kuuvunja. Shida ni kwamba jioni inayotangazwa ni idadi ya miche iliyopandwa. Mvuvi anayetegemea kaa na kamba wa Port Reitz ana swali jingine: baada ya miaka mitano, mingapi itakuwa bado imesimama?

Swali hilo ni zito kwa sababu mikoko ya hapa haikupungua kwa kukosa wapandaji. Mwaka 1988, takriban tani 5,000 za mafuta ghafi zilimwagika hadi mkono wa bahari wa Makupa, jirani na Port Reitz, na karibu hekta 10 za mikoko zikafa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikashusha udongo mwingi kutoka bara, ukaifunika mizizi ya mikoko ya Mwache, kwenye kichwa cha Port Reitz. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilimwaga takriban tani 200 za mafuta bandarini, na mikoko na nyasi za bahari zikaathirika tena. Ongeza hapo shoka la mtafuta kuni, boriti za kujengea na maji taka ya mji unaokua kila uchao. Utafiti uliolinganisha hali ya 1992 na ya 2009 ulionyesha kwamba Mwache ilikuwa imepoteza asilimia 45.4 ya mikoko yake. Tudor, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, ilikuwa imepoteza asilimia 86.9.

Mafuta na udongo huua kwa njia moja: huuzuia mti kupumua. Tope la baharini halina hewa ya kutosha, kwa hiyo kila aina ya mikoko imejitafutia njia yake. Aina iitwayo mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mchu hutoa vijizizi vinavyochomoza topeni. Kwenye mizizi hiyo kuna vitundu vinavyovuta hewa maji yanapokupwa. Vitundu vikizibwa kwa lami ya mafuta au kwa udongo ulioshuka ghafla, mti hufa ukiwa umesimama. Hata ukipandwa mche mpya mahali palepale, utakuta maradhi yaleyale.

Kuna pia suala la nani akae wapi. Mlilana hupenda mbele, unakopigwa na maji kila siku. Mkoko na msindi hufuata, kisha mkandaa, na mchu hustahimili hata nyuma kabisa, kwenye chumvi kali inakofika bamvua tu. Mpangilio huu wenyeji wa pwani waliujua kabla ya kuwapo kitalu chochote. Lakini siku za kupanda, mche unaopatikana kwa wingi ni wa mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, huota ikiwa bado mtini, na kuichomeka topeni ni kazi ya dakika moja. Hivyo mkoko hupelekwa kila mahali, hata palipokuwa pa mlilana au pa mchu, hata kwenye fungu tupu ambalo halijawahi kuwa msitu.

Sri Lanka ililipa gharama ya kosa hilo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 nchi hiyo ilijaribu kupanda mikoko katika hekta zaidi ya 1,000. Watafiti walioyakagua maeneo hayo miaka kadhaa baadaye walikuta hekta 200 hadi 220 tu ndizo zilizofanikiwa. Kwenye baadhi ya maeneo hakukuwa na mche hata mmoja uliobaki. Sababu kubwa zilikuwa mahali pasipofaa, mti usiofaa na kukosa utunzaji baada ya kupanda.

Mfano wa mafanikio hauko mbali na Shika Adabu. Ni Gazi, kwenye njia ileile ya Lunga Lunga. Msitu wa huko ulikatwa vibaya miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani. Miaka ya 1990 watafiti, akiwamo Dkt. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, walianza kupanda pamoja na wanakijiji, wakijaribu, wakipima na kurudi kutazama. Miaka zaidi ya 20 ilipita kabla ya mradi wa Mikoko Pamoja kuanza rasmi 2013 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Fedha zake zimepeleka maji na vifaa vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni, na 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wengi wanaotaka kuiga Gazi wanaanza na hundi ya kaboni. Gazi yenyewe ilianza na subira.

Likoni ina mzigo ambao Gazi haikuubeba. Barabara ya Dongo Kundu imepita juu ya mikoko, na daraja la Mteza peke yake lina urefu wa mita 1,440. Eneo la viwanda na gati vinakuja. Kwale kunajengwa bwawa la Mwache, litakalobadilisha maji baridi na udongo unaoingia Port Reitz. Watu wanahitaji kazi, na Shika Adabu ina haki ya kuzipata kazi hizo kwanza. Lakini kila tuta linalojengwa bila kalvati ya kutosha hukata maji yasifike msituni, na kila kiwanja kinacholimwa na buldoza kabla ya masika humimina udongo baharini. Maji hufuata mkondo. Ukiuziba, msitu ulio nyuma yake utakauka hata kama hapana aliyeugusa kwa panga.

Sheria zipo. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na Sheria ya Misitu ya 2016 inaziruhusu jumuiya za wenyeji kushiriki kuisimamia. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja hekta 3,771 za Mombasa. Kinachokosekana ni kuwaweka wanaoijua bahari hii mezani kabla ramani hazijachorwa: wavuvi, akina mama wanaotafuta kaa na chaza, na hata wakataji boriti, ambao wanahitaji kipato kingine ili waiweke chini shoka.

Kwa hiyo kila anayefadhili mikoko ya Likoni aulizwe mambo matatu. Je, maji yanaingia na kutoka vizuri hapo? Aina ya mti inalingana na mahali? Nani wa kijiji hiki atalipwa kuitazama miche kwa miaka mitano? Maji yakirudi na mikoko mikubwa ikiwa karibu, mbegu huletwa na bahari yenyewe, na mara nyingi msitu hujiotea bila mche wa kununuliwa. Fedha za kufungua mkondo mmoja uliozibwa zinaweza kurudisha mikoko mingi kuliko sherehe kumi za kupanda. Serikali ya kaunti na wajenzi wa Dongo Kundu waanzie hapo, na wachapishe kila mwaka hesabu ya miti iliyo hai.