Khati ya Kiarabu Baina ya Kalamu na Kompyuta

 

Mwaka mmoja madrasa yetu ilipeleka kwa mpiga chapa kazi ya vyeti mia mbili vya wanafunzi waliokhitimu. Juu ya cheti tuliweka Basmala, na chini yake dua iliyomo katika aya ya 114 ya Suratu Taha, ile ya kuomba kuzidishiwa elimu. Vyeti viliporudi tulipigwa na butwaa. Ba imesimama mbali, sin mbali, mim mbali, na maneno yote yamepangwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kijana wa dukani hakukusudia ubaya. Alituambia kwa adabu: "Sheikh, mimi Kiarabu sikijui. Nimetoa vile vile nilivyoona kwenye mashine."

Siku ile mzee mmoja wa kamati alisema kuwa kompyuta imeingiza bidaa katika maandishi ya Qur'ani, na kwamba turudi kwenye wino na kalamu. Vijana wakamjibu kuwa fonti ni fonti tu, maadamu aya inasomeka. Sisi hatukukubaliana na upande wowote kwa ukamilifu, na kwa kuwa mas-ala haya yanazifikia madrasa na misikiti yetu kila siku, tumeona tuyaeleze.

Ndugu msomaji, watu huchanganya mambo matatu: rasm, dhabt na khati. Rasm ni namna neno linavyoandikwa kwa herufi zake, kipi kithibiti na kipi kiondoshwe, kama alif inayoachwa katika maneno mengi ya Msahafu. Jamhuri ya maulamaa wanasema rasm ya Msahafu wa Sayyidna Uthman (R.A.) haibadilishwi. Imam Malik (R.A.) aliulizwa kama msahafu uandikwe kwa tahajia mpya waliyoizua watu, naye akakataa, akataka uandikwe kwa maandiko ya mwanzo. Dhabt ni alama zinazomsaidia msomaji: nukta, fat-ha, kasra, dhamma, shadda na mfano wake. Hapa Imam Malik huyo huyo alipambanua. Misahafu midogo wanayosomea watoto hakuona ubaya kutiwa nukta, ama ile misahafu mikubwa ya asili hakupenda. Na khati ni umbo la herufi yenyewe: urefu wa alif, mzunguko wa nun, unene wa mstari. Hili la tatu ni kazi ya mkono na jicho, na tangu mwanzo lilikuwa uwanja wa ijtihadi.

Ushahidi wake umo katika historia. Abul Aswad Ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alionyesha irabu kwa nukta za rangi. Zama za Hajjaj, Nasr bin Asim na Yahya bin Yaamar wakapewa kazi ya kupambanua herufi zinazofanana kwa nukta. Kisha Al-Khalil bin Ahmad akaleta alama tunazozijua leo. Hakuna katika hao aliyegusa rasm, lakini ukurasa wa msahafu ulibadilika machoni mwa watu mara kadhaa ndani ya karne mbili tu.

Katika umbo la herufi mtu wa kutajwa ni Ibn Muqla, waziri wa makhalifa wa Bani Abbas mjini Baghdad, aliyefariki mwaka 328 Hijria (940). Yeye alichukua nukta, yaani alama inayoachwa na ncha ya kalamu inapobonyezwa mara moja, akaifanya kipimo. Alif ikapimwa kwa idadi ya nukta, na duara ambalo kipenyo chake ni alif hiyo likawa ndilo linalohukumu herufi nyingine. Siasa ilimfanyia ukatili mkubwa. Alikatwa mkono wa kulia, mkono ule ule ulioandika. Lakini kanuni yake ilibaki, na waliomfuata, Ibn al-Bawwab na Yaqut al-Mustaasimi, waliijengea juu.

Sasa tuje kwenye chapa. Ulaya ilitangulia kuchapa Kiarabu, na haikuchapa vizuri. Msahafu uliochapwa Venice na Paganino na Alessandro Paganini karibu mwaka 1538 ulikuwa na makosa mengi, hata dal na dhal hazikutenganishwa. Ukisoma hivyo huna Qur'ani mkononi. Basi wanaowalaumu maulamaa wa Istanbul kwa kuchelewa kuruhusu chapa wawafanyie insafu. Mwaka 1727 Sultani Ahmed wa Tatu alimruhusu Ibrahim Müteferrika kupiga chapa, kwa fatwa ya Sheikhul Islam Abdullah Efendi, lakini ruhusa iliishia kwenye kamusi na vitabu vya fani za kidunia. Qur'ani, tafsiri, hadithi na fiqhi viliachwa kwa waandishi wa mkono. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1729, kilikuwa kamusi.

Njia iliyozituliza nyoyo za Waislamu wengi ilikuwa chapa ya jiwe, kwa sababu mwandishi aliandika kwa mkono wake na jiwe likanakili. Misahafu ya Bombay, ambayo wazee wa pwani yetu walisomea, ilikuja kwa njia hiyo. Hata Unguja ilipata chapa yake zama za Sayyid Barghash, na kuanzia mwaka 1880 ikaanza kutoa mijaladi ya Qamus al-Sharia. Misri nayo ilikuwa na chapa ya Bulaq tangu mwaka 1820. Mwanzoni mwa karne ya ishirini herufi zake zilichorwa upya na mwandishi mkubwa wa khati, Muhammad Jaafar Bey, na kwa herufi hizo ukapangwa Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924, uliosimamiwa na kamati ya wanazuoni kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim.

Shida iliyofuata haikutoka kwa maadui wa dini. Ilitoka kwa haraka ya magazeti. Mashine za kupanga herufi zilitengenezwa kwa herufi za Kilatini, ambazo haziungani na hazibadiliki. Kiarabu, kwa maumbo yake ya mwanzo, kati na mwisho, kilihitaji vipande mamia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Linotype ikatoa herufi zilizopunguzwa, ambapo umbo moja hutumikia mahali pawili, ili mashine iende mbio. Wakaziita Yakout, kwa jina la yule Yaqut wa Baghdad. Hatujui kama angefurahi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, Abdul Aziz Fahmi alikuwa ameliletea Baraza la Lugha la Cairo rai ya kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini kabisa. Tazama ilipofikia: mashine imeshindwa na khati, ikatakiwa khati ndiyo ibadilike.

Kompyuta iligeuza hesabu hiyo, na hapa tunamjibu yule mzee wetu. Ndani ya kompyuta herufi ba huhifadhiwa kwa nambari moja tu. Umbo lake, liwe la mwanzo au la mwisho, huamuliwa na programu wakati wa kulionyesha. Programu inayoijua kanuni hutoa maneno yaliyoungana, na isiyoijua hutoa ba pweke na kuipanga kushoto kwenda kulia. Hayo ndiyo yaliyovipata vyeti vyetu. Mwenye kosa pale ni programu iliyokosa elimu ya Kiarabu, na mashine hiyo hiyo ikipewa elimu hufanya kazi ambayo chapa ya risasi haikuiweza.

Mfano ni kazi ya DecoType ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Thomas Milo, Mirjam Somers na Peter Somers. Watu hawa walikaa wakaichunguza kalamu ya waandishi wa zamani. Waliona kuwa katika Naskh herufi hutazama majirani zake. Chukua neno bayyinat. Lina meno matatu mfululizo, ya ba, ya na nun, na mwandishi hodari hayaandiki kwa kimo kimoja. Hulinyanyua moja ili jicho lisipotee. Ikija ha au jim, herufi zilizotangulia hupanda juu yake kama ngazi. Kanuni hizo wakaziandikia programu, na juu yake ukajengwa Mushaf Muscat, uliotolewa mwaka 2017 na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini ya Oman, usomwao kwenye kioo cha kompyuta. Naye Khaled Hosny wa Misri alizifufua herufi za Bulaq katika fonti ya Amiri, akaitoa bure kwa kila mtu. Madrasa isiyo na fedha haina udhuru hapo.

Wapo pia wanaounda sura mpya kabisa kwa ajili ya vibao vya barabarani, simu na vitabu. Nadine Chahine wa Lebanon, akishauriana na Adrian Frutiger, alitoa Frutiger Arabic mwaka 2007, inayochanganya ukavu wa Kufi na ulaini wa Naskh. Huda AbiFarès alianzisha taasisi ya Khatt mwaka 2004 na kuwakutanisha wachoraji Waarabu na Waholanzi. Sisi hatuoni ubaya katika asili ya kazi hizi. Tunachokilaumu ni fonti zinazokata vipande vya herufi za Kilatini na kuvigeuza vionekane Kiarabu. Uzito wa Kilatini umo katika mistari ya kusimama, na uzito wa Kiarabu umo katika mistari ya kulala, kwa sababu ya mkato wa ncha ya kalamu. Ukiugeuza, msomaji huchoka bila kujua sababu. Bahia Shehab wa Misri mwaka 2010 alikusanya maumbo elfu moja ya lam-alif kutoka misikitini, kwenye vyombo na vitambaa. Maumbo elfu, na neno ni lile lile "la". Hiyo ndiyo nafasi iliyo wazi kwa mchoraji wa leo.

Kuhusu kuta, jambo ni jingine. Mwaka 2012 msanii eL Seed aliandika aya ya 13 ya Suratul Hujurat kwenye mnara wa msikiti wa Jara, mjini Gabès, Tunisia, kwa ridhaa ya imamu wake. Kazi ni nzuri kwa macho. Lakini Imam Nawawi katika At-Tibyan ametaja kuwa madhehebu yetu ya Shafii yanachukia kuandika Qur'ani kutani na nguoni, na khati iliyosukwa mpaka msomaji hodari akwame inatutia shaka zaidi. Imamu anayetaka kupamba mihrabu na aulize kwanza kama maamuma wake wataweza kusoma.

Turudi kwenye vyeti. Tulijadili kama herufi zilizotengana na kupinduliwa bado ni aya. Tulichukua ihtiyati, tukavichoma, kwa kufuata alivyofanya Sayyidna Uthman kwa nakala nyingine, ingawa wapo maulamaa waliopendelea kuzika. Mara ya pili hatukumpelekea mpiga chapa maandishi. Tulimpelekea faili la PDF ambalo herufi zimekwisha fungwa ndani yake, tukataka karatasi moja ya majaribio. Waalimu watatu tuliisoma, tukaipitisha. Kisha binti mmoja wa darasa la mwisho akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akatuuliza mbona zidni imeandikwa kwa ra. Ua la pambo lilikuwa limeifunika nukta ya zay. Ua likasogezwa, ndipo vyeti vikapigwa chapa.