Bajaji Ikipigwa Upepo Ubavuni

Mwezi wa saba, saa kumi jioni, tulikuwa tunavuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni kwa bajaji, mimi na abiria mwingine. Upande wa Kurasini bajaji ilienda vizuri tu, majengo na makontena yakiikinga. Tulipofika juu ya maji, pazia la turubai la kulia likatuna kama tanga la ngalawa, na kichwa cha bajaji kikasogea kushoto kama upana wa kiatu. Dereva, kijana aliyetoka kwenye bodaboda miezi michache nyuma, akauinamisha mwili kulia. Bajaji haikumsikia. Akauvuta usukani kwa nguvu, na upepo ukakatika sekunde ileile. Tukajikuta tumeingia njia ya pili, lori nyuma yetu likipiga honi.

Kosa lake ni la mazoea. Pikipiki ya magurudumu mawili huegemea upepo: unailaza kidogo upande unakotoka, nayo inakwenda imelala hivyohivyo, imenyooka njia yake. Bajaji hailali. Imekaa juu ya miguu mitatu kama kigoda, na inageuka kwa usukani tu. Mwili wa dereva unaweza kuongeza uzito kidogo upande wa upepo, lakini haugeuzi kitu.

Ukitaka kujua udhaifu wake uko wapi, chora chini pembetatu: ncha moja ni tairi la mbele, ncha mbili ni matairi ya nyuma. Uzito wote wa bajaji, ukiushusha wima hadi ardhini, ukibaki ndani ya pembetatu hiyo, uko salama. Nyuma pembetatu ni pana, na injini imekaa huko, na kiti cha abiria kiko jirani. Mbele inachongoka. Kwa hiyo abiria wa nne anayebanwa pembeni ya dereva hamkeri trafiki peke yake. Anauvuta uzito kwenye sehemu nyembamba, pale ambapo hatua ndogo tu inatosha kuutoa nje ya mstari. Na kwa kuwa mbele ni kwepesi, upepo ukipiga ubavuni ni kichwa kinachosukumwa kwanza, siyo mkia.

Tuhesabu kidogo. Ubavu wa bajaji iliyofungwa mapazia naukadiria mita 3 za mraba. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unausukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 5 au 6. Wa kilomita 40, kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa hukitaja mara kwa mara inapowaonya wavuvi (madereva wa bajaji hawajioni kuwa wanahusika), unafika kilo 22. Wa kilomita 60 ni kilo 50. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne.

Sasa, bajaji yenye dereva na abiria watatu hupita kilo 500. Kilo 22 haziiangushi, na hata 50 peke yake haziiangushi kwenye barabara iliyonyooka. Upepo kazi yake ni kula akiba. Bajaji ina akiba fulani kabla tairi moja la nyuma halijanyanyuka. Upepo ukishachukua sehemu yake, dereva anaimalizia mwenyewe kwa kupiga kona ya ghafla au kukanyaga breki katikati ya kona. Breki ndani ya kona ndiyo mbaya kuliko zote, maana inautupa uzito mbele na nje kwa pamoja, kwenye ile ncha iliyochongoka. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki, ndipo ugeuze.

Mapazia ni habari ya peke yake. Ukiyakunja yote mawili, upepo unapita. Ukiyafunga yote, umejenga sanduku. Lakini ukiliacha wazi la upande upepo unakotoka na kulifunga la pili, umetengeneza mfuko: upepo unaingia, unakosa pa kutokea, unasukuma turubai na kuinua paa kwa wakati mmoja. Hicho ndicho madereva wengi hufanya bila kufikiri, kwa sababu abiria wa upande mmoja kalalamika jua.

Mikono iwe milegevu kwenye usukani. Upepo ukisukuma, rudisha kidogo kidogo, maana ukikatika, nguvu yote uliyokuwa unaupinga nayo inabaki kwako. Unapolipita lori tegemea jambo hilohilo: ubavu wa lori unakukinga, ukitokeza mbele ya kichwa chake unapigwa kofi. Lipite kwa kuacha nafasi, au usilipite.

Somo ni lilelile kwa maguta, yale ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Wenye nayo wanaogopa saruji, nami ningeogopa magodoro. Saruji inakaa chini na kulikandamiza guta. Magodoro kumi yaliyosimamishwa hayana uzito wa kusema, lakini yana kifua cha ukuta.

Siku ile darajani nilimwomba kijana akunje mapazia yote mawili, aende polepole. Akaangalia wingu upande wa bahari. "Mzee, mvua hiyo."

Akakunja. Kabla ya kufika kwenye kituo cha bajaji tulikuwa tumelowa sote watatu, na abiria mwenzangu hakusema nami neno hadi aliposhuka.