Bizimu Iliyofukiwa Ardhini

Ukivaa mtandio leo, unaubana kwa pini. Pini hiyo ni ya bei ndogo. Ikipotea, unanunua nyingine dukani.

Zamani, katika nchi nyingi, watu walibana nguo zao kwa pini kubwa zaidi. Nyingine zilitengenezwa kwa fedha au dhahabu, zikatiwa nakshi. Zilibana nguo, na pia zilikuwa pambo. Pini ya namna hiyo huitwa bizimu.

Bizimu ni kitu kidogo. Sindano yake ikilegea, huanguka njiani au shambani bila ya mwenyewe kujua. Majani huoza juu yake. Mvua huleta udongo. Baada ya miaka mingi inakuwa imefukiwa.

Sasa fikiri. Unalima muhogo hapa Wambaa. Jembe lako linagonga kitu, unainama, unaokota bizimu ya fedha. Je, utafanya nini? Huenda wazo la kwanza likawa kuipeleka kwa sonara. Kabla ya kwenda, soma habari hii.

Mashine ya kutafutia madini

Si jembe tu linalofukua vitu vya zamani. Siku hizi ipo mashine ya kutafutia madini. Ina mpini mrefu, na chini yake pana duara lenye waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita katika waya huo, hutokea nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha madini, mashine hulia.

Lakini mashine haijui thamani ya kitu. Hulia kwa dhahabu, na hulia kwa msumari na kizibo cha soda. Tena haifiki mbali. Kitu kidogo kama bizimu hutambulika kikiwa karibu na uso wa ardhi tu.

Katika nchi ya Uingereza watu wengi hutembea mashambani na mashine hizi, na mabizimu mengi ya kale yameonekana kwa njia hiyo. Kwa hiyo nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1996. Mtu akiokota bizimu ya dhahabu au fedha yenye umri wa miaka 300 au zaidi, sharti atoe taarifa serikalini katika siku 14. Jumba la makumbusho likiitaka, hulipa thamani yake. Kwa kawaida malipo hayo hugawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba.

Habari iliyotoka Mtambwe Mkuu

Hata Pemba ardhi yetu imeficha fedha na dhahabu. Mtambwe Mkuu iko upande wa magharibi wa kisiwa chetu, karibu na Wete. Mwaka 1984 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba huko pamoja na wenzake. Walikuta akiba ya sarafu zaidi ya 2,000. Karibu zote zilikuwa za fedha, ndogo na nyepesi. Chache zilikuwa za dhahabu.

Sarafu za dhahabu zilitoka katika nchi za watawala wa Kifatimiya, waliokuwa na makao yao Misri. Sarafu za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa pwani yetu, kama Ali bin al-Hasan, kwa maandishi ya Kiarabu. Kwa hiyo tumejua kwamba, karibu miaka 1,000 iliyopita, pwani hii ilikuwa na watawala waliotoa sarafu zao wenyewe, na biashara yake ilifika mbali.

Kama sarafu zile zingeyeyushwa, zingepatikana bangili kadhaa. Majina yale yangepotea motoni.

Sonara hupima uzito

Ni kweli, sonara atakupa pesa leo. Naye halaumiwi, kwani kazi yake ni kupima uzito wa madini. Lakini mizani yake haipimi habari. Bizimu inaweza kutueleza ni nani waliokaa hapa, walivaa nini, na walifanya biashara na nani. Hueleza hayo ikiwa tu tunajua ilikuwa imelala wapi, na pamoja na vitu gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukiokota kitu cha kale, fanya hivi:

1. Usiendelee kuchimba. Vigae, mifupa na shanga vilivyo karibu ni sehemu ya habari ileile.

2. Weka alama mahali hapo. Kumbuka kitu kilikuwa kina gani: kiganja kimoja, au mpaka kiwiko?

3. Usikisugue kwa mchanga, ndimu wala ukwaju. Fedha ikikaa ardhini huweza kuwa nyeusi, na huo si uharibifu. Pengine nyuzi za nguo ya mwenyewe bado zimegandana na kutu yake. Ukisugua, umezifuta.

4. Kiweke katika kikopo chenye kitambaa laini. Andika tarehe, jina la shamba na jina lako. Hii ni kazi nzuri kwa mtu aliyejifunza kuandika.

5. Mwarifu sheha. Omba habari ifike kwa wanaosimamia makumbusho na mambo ya kale. Huko Chake Chake, ngome ya zamani ni jumba la makumbusho la Pemba.

6. Usichimbe katika magofu, kama yale ya Pujini na Ras Mkumbuu, wala usipitishe mashine huko kutafuta mali. Magofu hayo yanalindwa na sheria.

Bizimu ikiuzwa, pesa yake itakwisha sokoni. Ikihifadhiwa pamoja na habari yake, mjukuu wako ataweza kuitazama na kusoma: iliokotwa Wambaa, na jina lako litakuwa hapo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Bizimu ni nini? Ilifanya kazi gani mbili?
2. Kwa nini mashine ya madini hulia hata kwa kizibo cha soda?
3. Sarafu za Mtambwe Mkuu zilitufundisha nini?
4. Kwa nini si vizuri kusugua kitu cha kale?
5. Je, kijijini kwenu kuna mahali panapoonekana vigae vya zamani? Nani anajua habari zake? Mwulize, kisha ziandike.