Kikumbo cha Upepo wa Semi

Barabara ya Morogoro kwenda Iringa ni njia ya semi-trela zinazotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo. Dereva wa gari dogo anayeovateki mojawapo hukutana na upepo wa namna tatu. Nyuma ya trela, gari hutulia na kuwa jepesi. Akichomoza ubavuni, usukani huvutwa kidogo kuelekea lori. Akifika usawa wa kichwa cha lori, hupigwa kikumbo kinachomsukuma upande wa magari yanayokuja. Asiyezoea hapo hukata usukani kwa nguvu, na hilo huwa baya kuliko upepo wenyewe.

Hewa ina uzito. Mita moja ya ujazo huzidi kilo moja. Lori lenye upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 4, likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde hukutana na mita za ujazo 220 hivi: zaidi ya kilo 200 za kusogezwa njiani! Hewa hiyo hubanwa mbele, humwagikia pembeni, kisha nyuma ya trela hubaki pengo linalojazwa kwa vurugu.

Pengo hilo lina utamu wake. Mwaka 2018, kwenye tambarare za chumvi za Bonneville, Marekani, Denise Mueller-Korenek aliendesha baiskeli kwa kilomita 296 kwa saa, akijikinga nyuma ya gari la mashindano lililofungwa kibanda cha kuzuia upepo. Kipindi cha televisheni cha MythBusters nacho kilipima: gari lililofuata lori kwa mita 30 lilipunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 11, na kwa mita 3, karibu asilimia 39.

Mafuta ya bure, basi? Kwa kilomita 80 kwa saa, gari humaliza mita 22 kila sekunde. Mita 3 huisha kabla mguu haujafika kwenye breki, na dereva wa semi, anayetegemea vioo vya pembeni, hana habari kama kuna mtu mgongoni mwake.

Wanaoujua upepo huu kwa mwili ni watu wa bodaboda. Lori linalokuja mbele humsukuma mmoja wao kwanza kuelekea majani, kisha mkia wa lori ukipita, humvuta kuelekea lami. Aliyepakia godoro hupata taabu maradufu, maana godoro ni tanga. Wengine hutoka kabisa barabarani, mguu mmoja chini, wakingoja trela lipite.