Mcheki Atampigania Nani?

Mchezo wa kompyuta uitwao Kaiserreich unaanza Januari 1936, katika dunia ambayo Ujerumani ilishinda Vita Kuu ya Kwanza. Umeundwa na watu wa kujitolea juu ya mchezo mwingine mashuhuri, Hearts of Iron IV, ambao kampuni ya Paradox Interactive ya Uswidi iliutoa mwaka 2016. Mchezaji huchagua nchi, akaunda divisheni, akapanga viwanda vya silaha na kusukuma majeshi yake kwenye ramani ya dunia. Hata Tanganyika imo: iko mikononi mwa Wajerumani, kama sehemu ya koloni kubwa liitwalo Mittelafrika.

Nchi inayowaumiza wengi vichwa ni Austria. Katika historia ya kweli, dola la Austria-Hungaria lilisambaratika mwaka 1918, na kaisari wake wa mwisho, Karl wa Kwanza, alifariki uhamishoni katika kisiwa cha Madeira mwaka 1922. Mchezoni yu hai na bado anatawala. Mwaka 1937 unapofika, mkataba unaoziunganisha nchi zake lazima ujadiliwe upya, na mazungumzo yakiharibika, watu waliovaa sare moja hugeuziana mitutu ya bunduki. Je, divisheni iliyojaa Wacheki itampigania nani?

Kompyuta ina jibu la haraka. Divisheni ya mchezoni ina idadi ya watu, silaha na uzoefu, lakini haina lugha wala kijiji ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikizuka, kwa kawaida vikosi hugawanywa kwa uwiano, hawa huku na wale kule, basi. Jeshi la kweli la Austria-Hungaria halikuwa rahisi hivyo.

Katika kila askari 100 wa jeshi hilo la mwaka 1914, takriban 25 walikuwa wasemaji wa Kijerumani, 23 Wahungaria na 13 Wacheki. Waliobaki walikuwa Wakroatia, Waserbia, Wapolandi, Waukraini, Waromania, Waslovakia, Waslovenia na Waitalia. Jeshi liliwaunganisha kwa utaratibu ambao hadi leo unastahili heshima. Amri za kijeshi, maneno yapatayo 80 tu, zilitolewa kwa Kijerumani, na kila askari aliyakariri. Lakini katika rejimenti, lugha yoyote iliyosemwa na angalau asilimia 20 ya askari ilitambuliwa kuwa lugha ya rejimenti hiyo. Ofisa aliyepangiwa hapo alipewa miaka 3 ya kujifunza lugha hiyo. Luteni kutoka Vienna akipelekwa kwenye kikosi cha Waromania, ilimpasa kuzungumza nao kwa Kiromania kuhusu chakula, barua za nyumbani na homa.

Huko Bosnia, nchi iliyokaliwa na Austria mwaka 1878 na kutwaliwa rasmi mwaka 1908, ziliundwa rejimenti ambazo askari wake walivaa tarbushi, na Waislamu miongoni mwao walihudumiwa na maimamu. Zilihesabiwa miongoni mwa vikosi hodari kabisa vya jeshi zima. Mtu anayeamini kwamba damu ndiyo inayoamua kila kitu atapata taabu kuwaeleza askari hawa, waliomfia kaisari Mkatoliki kwenye milima ya mpaka wa Italia.

Wacheki ndio waliobeba lawama kubwa. Aprili 3, 1915, katika milima ya Karpati, Warusi waliisambaratisha Rejimenti ya 28 ya Prague na kuteka sehemu kubwa ya askari wake. Habari zilienea upesi kwamba Wacheki wamevuka wenyewe kwenda kwa ndugu zao Waslavi bila kufyatua risasi. Mwezi huohuo kaisari Franz Joseph aliivunja rejimenti hiyo kwa aibu. Mwanahistoria Richard Lein, aliyerudi kwenye kumbukumbu za jeshi, alikuta picha tofauti: askari waliochoka, waliopangwa vibaya mahali pagumu kulindwa, wakazidiwa nguvu. Rejimenti yenyewe ilikuja kurejeshwa. Tuhuma ya usaliti, hata hivyo, ilikuwa imewafaa watu wa pande mbili kwa wakati mmoja. Majenerali walipata wa kumtupia lawama za kushindwa kwao, na wapigania uhuru wa Wacheki walipata ushahidi kwamba taifa lao halikuwahi kumtaka kaisari. Uongo wenye manufaa kwa mahasimu wote wawili huishi muda mrefu.

Si kwamba hapakuwa na waliohamia kweli upande wa adui. Julai 2, 1917, huko Zborov, katika Ukraini ya leo, brigedi ya Wacheki na Waslovakia waliokuwa upande wa Urusi ilishambulia mahandaki ya Austria. Ndani ya mahandaki hayo walikuwamo askari wa Rejimenti za 35 na 75, zenye Wacheki wengi. Watu wa miji jirani waliuana siku hiyo, kila upande ukiona unatimiza wajibu wake. Hakuna uwiano wa kompyuta unaoweza kuonyesha jambo hilo.

Upande wa Italia hali ilikuwa nyingine. Wakroatia na Waslovenia, ambao huko Vienna wangeweza kutiliwa shaka kama Waslavi, waliushikilia mto Isonzo kwa ukali kupitia mapigano makubwa 11 kati ya 1915 na 1917. Waliamini kwamba Italia ikipenya itatwaa pwani na vijiji vyao. Aliyewaongoza, Svetozar Boroević, alizaliwa Kroatia katika familia ya Waorthodoksi wa Kiserbia, na akapanda hadi cheo cha juu kabisa cha jeshi la Austria.

Jeshi hili, basi, lilibomolewa na nini? Kwanza, na mapigano ya 1914. Maofisa wazoefu waliojua lugha za askari wao walikufa kwa wingi katika miezi ya mwanzo, na nafasi zao zikajazwa na vijana waliosomeshwa haraka, ambao mara nyingi hawakuweza hata kumwelewa askari akieleza shida yake. Pili, na njaa. Mei 1918 askari Waslovenia waliasi katika mji wa Judenburg, na malalamiko yao yalichanganya taifa, uchovu wa vita na chakula kibovu, kiasi kwamba ni vigumu kuvitenganisha. Oktoba 16 kaisari Karl alitangaza kuigeuza Austria kuwa shirikisho la mataifa, lakini muda ulikuwa umekwisha. Kabla ya mwisho wa mwezi vikosi vya Wahungaria vilikuwa vinadai kurudi kuilinda nchi yao, na Novemba 3 makubaliano ya kusitisha vita na Italia yalitiwa saini. Kwa askari wengi, taifa lilikuwa mahali pa kukimbilia baada ya dola kushindwa kuwalisha.

Wabunifu wa michezo ya vita wana kazi hapa, na wanaiweza. Wameshaonyesha kwamba wachezaji wako tayari kukaa usiku kucha wakihesabu mafuta, reli na vipuri vya vifaru. Wawape pia divisheni zenye lugha, maofisa wanaoielewa au wasioielewa, mgao wa chakula unaopungua, na maadui wa aina tofauti: yule ambaye kwa Mslovenia ni tishio la nyumbani, na yule ambaye kwa Mcheki ni mtu wa mji jirani. Rejimenti ya 28 ilihukumiwa kwa jina la kabila lake kabla ya mtu yeyote kuuliza ilikuwa imepangwa wapi na ilikuwa imechoka kiasi gani. Mchezo unaogawa vikosi kwa kubonyeza kitufe, nao bila kuuliza hayo, unawanyima vijana wanaoucheza sehemu ya historia wanayoihitaji zaidi.