Je, Wajua? Sheria Zilizojificha Ukutani na Chini ya Sinki

Je, wajua kwamba hadi Februari 2025 Kenya ilikuwa bado inatumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968? Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Fundi akikwambia "hata ile nyumba ya jirani tuliijenga hivi hivi", muulize ilijengwa lini.

Je, wajua kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi huwapanga wakandarasi wa Kenya katika madaraja manane, na la kwanza ndilo la juu? Anayejitapa kuwa yuko daraja la nane yuko mwanzo wa ngazi. Mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo nao hutakiwa kuwa na ithibati ya mamlaka hiyo. Omba kuiona kabla ya kutoa malipo ya awali.

Je, wajua kwamba jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50, lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa? Alama ilikuwepo. Wapangaji walikuwepo pia.

Je, wajua kwamba ile kona iliyopinda chini ya choo ilitokana na fundi wa saa? Alexander Cumming, Mskoti, alipata hataza yake mwaka 1775. Mpindo huo hubaki na maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na hewa chafu ya bomba la majitaka isiingie ndani.

Na kizibo kikikauka? Machi 2003, katika majengo marefu ya Amoy Gardens, Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS. Wachunguzi waligundua kwamba maji yalikuwa yamekauka katika mipindo ya mabomba ya sakafu za bafu nyingi, kwa kuwa watu walisafisha kwa kupiga deki badala ya kumwaga maji. Feni za bafuni zikavuta hewa kutoka kwenye bomba kuu, pamoja na vitone vyenye virusi vilivyotoka vyooni mwa majirani. Mgonjwa hakuhitaji kukutana na mtu kwenye ngazi. Kama una bafu la wageni lisilotumika, mwaga kikombe cha maji kwenye tundu la sakafu mara kwa mara. Hakuna kanuni iliyo rahisi kutimiza kuliko hiyo.

Je, wajua kwamba mpira wa maji ulioachwa ndani ya ndoo ya dawa ya mifugo unaweza kuirudisha dawa hiyo kwenye bomba la nyumba? Presha ikishuka, na kwenye miji ya mgao hushuka kila wiki, bomba hufyonza kilicho mdomoni mwake. Ndiyo maana kanuni nyingi hutaka mdomo wa bomba ukae juu ya ukingo wa sinki, kwa pengo lisilopungua mara mbili ya kipenyo chake.

Je, wajua kwamba hadi 2014 koki iliyouzwa Marekani kama "isiyo na risasi" ingeweza kuwa na madini hayo hadi asilimia 8? Sasa kikomo ni asilimia 0.25. Australia nayo ilichukua kiwango hicho hicho katika kanuni zake za 2022.

Je, wajua kwamba mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, Sphere, hutaka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani? Kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo hazitoshi. Wenye viwanja juu ya matumbawe, Mombasa na Unguja, wapime tena.

Je, wajua kwamba Mfalme Hammurabi wa Babeli, takriban miaka 3,750 iliyopita, aliagiza mjenzi auawe iwapo nyumba aliyoijenga itaporomoka na kumuua mwenye nyumba? Adhabu hiyo, kwa bahati nzuri, imepitwa na wakati. Lakini kifungu cha 233 kinasema ukuta ukionekana kutaka kuanguka, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe, na nakijua kijiji kizima cha wapangaji ambao wangekipigia kura kifungu hicho kesho asubuhi.